Kinyama Chekundu kwenye Ufizi wa Mama Mjamzito: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kitengo cha kinywa na meno cha hospitali moja ya wilaya, Tanzania Bara. Majina, mahali halisi na mambo yote yanayoweza kumtambulisha mgonjwa yameondolewa, na mwenyewe aliridhia kiandikwe ili wengine wajifunze. Ninakiandika kwa sababu kinyama cha aina hii ni cha kawaida, si saratani, na tiba yake inafahamika. Hata hivyo mama huyu alipita katika mikono ya wahudumu kadhaa na kutokwa damu kwa wiki nyingi kabla ya mtu yeyote kugusa kile kilichokuwa kikikiotesha. Sioni kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja. Kila aliyemhudumia alikitazama kinyama, na hakuna aliyelitazama jino lililokuwa ubavuni mwake.

Usuli

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 20 na ushei, mwenye mimba ya pili. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa salama na alikuwa na miaka 4. Riziki yake ilitokana na maandazi aliyoyapika alfajiri na kuyauza kijijini kwao, umbali wa takribani saa mbili kwa bodaboda kutoka hospitalini kwetu. Hakuwa na ugonjwa wa kudumu, hakuvuta sigara, na hakuwa akitumia dawa yoyote zaidi ya zile za kliniki.

Alianza kliniki ya wajawazito katika wiki ya 14. Kadi yake ilionyesha shinikizo la damu la 110/70, kipimo cha VVU hasi, kipimo cha kaswende hasi, na wingi wa damu wa gramu 10.9 kwa desilita, kiwango kilicho chini kidogo tu ya 11 ambacho Shirika la Afya Duniani kwa muda mrefu lilikihesabu kuwa mpaka wa upungufu wa damu kwa mjamzito. Alipewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, akavimeza kwa kurukaruka kwa sababu vilimpa kichefuchefu. Pia alikuwa akila udongo ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito, ambao wengine huuita pemba, jambo ambalo hakulisema kwa sababu hakuulizwa. Kinywa chake hakikuangaliwa wala hakuulizwa habari zake, ingawa alipohojiwa baadaye alieleza kuwa fizi zilikuwa zikimtoka damu tangu mimba ikiwa changa.

Mfuatano wa matukio kabla hajafika kwetu

Karibu na wiki ya 17 aliona nundu ndogo nyekundu kati ya meno ya mbele ya juu, upande wa kushoto. Haikumuuma. Ilipogusa mswaki ilitoka damu, na ndipo alipofanya jambo ambalo kila mtu angelifanya: aliacha kupiga mswaki upande ule.

Katika wiki ya 20 nundu ilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi. Alikwenda zahanati, akaambiwa ni jipu la ufizi, akapewa antibiotiki mbili kwa siku saba na kushauriwa kusukutua kwa maji ya chumvi. Dawa alizimaliza zote, na kinyama kikaendelea kukua.

Katika wiki ya 22 mume wake alikopa fedha katika kikoba, wakaenda kwenye kliniki binafsi mjini. Pale alichomwa ganzi na kinyama kikakatwa juu kwa juu. Hakusafishwa meno, na nyama iliyokatwa ilitupwa. Aliambiwa arudi kama kuna shida. Baada ya wiki tatu kinyama kilikuwa kimerudi mahali pale pale, kikiwa kikubwa kuliko cha kwanza. Kuanzia hapo jirani mmoja alisema ni saratani, mwingine akasema ni mkono wa mtu, na mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyemleta kwetu, alikuwa amekwisha kuamua kimoyomoyo kwamba wanakuja kuambiwa habari mbaya.

Siku alipofika

Alifika katika wiki ya 26 ya mimba, saa tano asubuhi, akiwa ameuma pindo la khanga. Jioni iliyotangulia alikuwa amekula hindi la kuchoma, ganda la punje likakichoma kinyama, na damu ikatoka kwa vipindi usiku kucha. Mama mkwe alifungua mfuko akatoa kopo la plastiki lenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na damu aliyoitema usiku ule, imeganda na kuwa kama ini, ikiwa imelijaza kopo zaidi ya robo. Walilibeba ili tusije tukasema wanatia chumvi. Bado ninalikumbuka kopo lile, kwa sababu lilinionyesha kwamba huko walikopita hawakusadikiwa.

Mapigo ya moyo yalikuwa 104 kwa dakika, shinikizo 105/65, na viganja vyake vimepauka. Wingi wa damu ulikuwa gramu 8.9. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi, na kipimo cha VVU kilichorudiwa kwa ridhaa yake kilikuwa hasi pia. Mapigo ya moyo wa mtoto yalisikika vizuri.

Kinywani tuliona kinyama chenye urefu wa sentimita 1.8 na upana wa sentimita 1.4, chekundu kinachoelekea zambarau, chenye vinundunundu kama forosadi iliyoiva, kikining'inia kwa kikonyo kutoka kwenye ufizi ulio kati ya jino la pili la mbele na chonge. Sehemu ya juu yake ilikuwa na kidonda kilichofunikwa na utando wa manjano, na ncha yake ilikuwa na alama ya meno ya chini, maana kila alipofunga mdomo alikiuma. Kiligusika laini na kilivuja damu kwa mguso mwepesi wa shashi. Meno yote ya mbele yalikuwa na ugaga, yaani ukoga (utando wa uchafu wa meno) ulioganda na kuwa mgumu, chini ya mstari wa ufizi, na mengi zaidi yalikuwa upande ule aliouacha kuupiga mswaki. Hakuna jino lililokuwa likilegea. Hatukuona mabaka ya zambarau kwenye kaakaa, kwenye ngozi wala kwenye nyayo, na tezi za shingo hazikuwa zimevimba.

Mama mkwe alisema, "Daktari, tuambie ukweli. Kama ni kansa, tujue tunarudije nyumbani."

Nilimjibu, "Mama, sioni dalili ya kansa. Lakini sitakuahidi kwa macho tu. Tutakipeleka kikapimwe, na majibu nitakusomea mwenyewe."

Tulichokidhania, na kwa nini

Dhana ya kwanza ilikuwa kile ambacho vitabu vya zamani hukiita granuloma ya piojeniki, na ambacho kikitokea kwa mjamzito wengi hukiita uvimbe wa mimba. Ni mkusanyiko wa mishipa midogo ya damu, yaani kapilari, iliyochipua kwa wingi na kujipanga katika vishada ndani ya tishu laini. Mdomoni, takribani robo tatu ya vinyama hivi huota kwenye ufizi, na ufizi wa mbele wa taya la juu ndio unaopatwa zaidi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba huwapata hadi asilimia 5 ya wajawazito, mara nyingi kuanzia mwezi wa tatu na kuendelea.

Kuna mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni mchokozo: ugaga, ukoga, jino lenye kingo kali, au kidonda kidogo kisichotulia. La pili ni homoni. Estrojeni huhimiza kuchipua kwa mishipa mipya, projesteroni huilegeza na kuifanya ivuje, na mwitikio wa ufizi kwa ukoga ule ule wa kila siku unakuwa mkali kuliko kabla ya mimba. Mchokozo peke yake mara nyingi huleta ufizi uliovimba kidogo tu. Ukikutana na mimba, wakati mwingine huleta kinyama. Mtoto akishazaliwa, homoni hushuka, vichocheo vya mishipa hupungua, na kinyama hunywea, wakati mwingine mpaka kutoweka kabisa.

Hata hivyo hatukutaka kuridhika upesi. Katika eneo letu mtu hawezi kuona uvimbe wa zambarau mdomoni bila kufikiria sarkoma ya Kaposi, saratani inayoweza kujitokeza kama mabaka ya zambarau, hasa panapokuwa na VVU. Kukosekana kwa mabaka mengine na vipimo viwili hasi viliipunguza dhana hiyo bila kuifuta. Granuloma ya seli kubwa ya ufizi, uvimbe mwingine usio saratani, hufanana sana na kinyama hiki na wakati mwingine hula mfupa ulio chini yake, kwa hiyo tulipiga picha moja ndogo ya eksirei. Mama alisita, akiogopa mionzi itamfikia mtoto. Tulimweleza kuwa mionzi ya picha ya jino ni kidogo mno na inaelekezwa mdomoni, tukamvika aproni ya risasi, naye akakubali. Mfupa ulionekana mzima.

Uamuzi wa kwanza: kuzuia damu, kisha kuondoa ugaga

Tulikikandamiza kinyama kwa shashi iliyoloweshwa ganzi yenye adrenalini kwa dakika 20, bila kuchungulia katikati. Damu ilikatika. Siku iliyofuata tulianza kukwangua ugaga, taya la chini kwanza, kisha siku ya tano taya la juu, tukilizunguka eneo la kinyama polepole. Muuguzi mkunga alimfundisha kupiga mswaki laini hata panapotoka damu, akimweleza kwamba damu ile ndogo ya mswaki ni bei nafuu kuliko kuuacha ukoga ukilala pale. Tuliongeza madini ya chuma mpaka miligramu 120 kwa siku, tukamwomba ayameze usiku pamoja na chakula kidogo ili kichefuchefu kipungue, na tukazungumza naye kuhusu udongo bila kumsimanga.

Mjadala: kukata sasa au kusubiri kujifungua

Hapa ndipo tulipokaa kwa muda mrefu zaidi, mimi, daktari wa wodi ya wazazi na muuguzi mkunga.

Hoja ya kusubiri ilikuwa na nguvu. Vinyama hivi vikikatwa wakati wa mimba hurudi mara nyingi zaidi kuliko vikikatwa baadaye, kwa kuwa homoni bado zipo. Mama huyu mwenyewe alikuwa ushahidi. Baada ya kujifungua huenda kisingehitaji kisu kabisa.

Hoja ya kukata ilitokana na damu. Mjamzito mwenye gramu 8.9 akiendelea kuvuja kwa wiki 13 zilizobaki atafika kwenye chumba cha kujifungulia akiwa hana akiba, na damu ya baada ya kujifungua, ambayo mama mwenye damu ya kutosha angeistahimili, yeye ingemwangusha. Zaidi ya hayo alikuwa ameacha kula vyakula vigumu, alikuwa akikiuma kinyama kila anapofunga mdomo, na aliishi mbali. Vilevile, kama kukata ni lazima, muda mzuri ni kabla tumbo halijawa kubwa mno, maana mama mwenye mimba kubwa akilazwa chali kwenye kiti cha meno, uzito wa mji wa mimba huugandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu kwenye moyo, na shinikizo lake huweza kuporomoka.

Tulikubaliana njia ya kati. Tungempa siku 10 baada ya kuanza kukwangua ugaga. Kinyama kikitulia, tungesubiri. Kikitoka damu tena kwa wingi, tungekata. Aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku ya tisa alirudi akiwa amepanda bodaboda usiku, damu ikitoka tena. Kinyama kilikuwa kimepungua kidogo, na fizi nyingine zilikuwa zimepata rangi ya waridi kwa namna ya kutia moyo, lakini ncha ile iliyokuwa ikiumwa na meno ya chini ilikuwa imechanika. Wingi wa damu ulikuwa 8.6.

Upasuaji

Tulikata siku iliyofuata, katika wiki ya 27 na siku tatu. Mama aliketi nusu amelala, mto mdogo ukiwa chini ya nyonga ya kulia ili mwili uelekee kushoto. Ganzi ilikuwa lignokeini ya asilimia 2 yenye adrenalini ya 1:80,000, tukivuta sindano kwanza kuhakikisha haijaingia ndani ya mshipa. Adrenalini ya kiasi hicho haimdhuru mjamzito mwenye shinikizo la kawaida, na bila hiyo tungefanya kazi ndani ya dimbwi la damu.

Tulikata kuzunguka shina la kikonyo, tukiacha ukingo wa takribani milimita 2 za ufizi ulioonekana mzima, na kushuka mpaka kwenye utando unaoufunika mfupa. Kinyama kilipoondoka tuliona kile ambacho jicho lisingeweza kukiona kabla: chini kabisa, kwenye shina la chonge, kulikuwa na kipande cha ugaga cheusi, kikubwa kama chenga ya mchele, kimeng'ang'ania jino mahali ambapo kikonyo kilikuwa kimekaa. Hapo ndipo kinyama kilipokuwa kikisuguliwa siku zote, na mkwanguo wetu wa siku ya tano haukupafikia. Tulikiondoa, tukaulainisha mzizi, tukakandamiza kwa dakika 15, kisha tukafunika kidonda kwa dawa inayogandia kwenye meno. Nyama yote iliwekwa kwenye chupa ya formalini ya asilimia 10, ikaandikwa vizuri, na kutumwa hospitali ya rufaa.

Hatukumpa antibiotiki, kwa sababu hapakuwa na maambukizi ya kutibu. Kwa maumivu alipewa parasetamoli, na aliambiwa waziwazi asinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani, kwa kuwa katika nusu ya pili ya mimba dawa za kundi hilo huweza kuathiri figo na mshipa wa moyo wa mtoto.

Matokeo

Katika wiki ya 31 kidonda kilikuwa kimepona, lakini kwenye pembe ya juu ya kovu kulikuwa na nundu nyekundu ya milimita 4. Mama aliiona kwenye kioo kabla yetu, akaja akilia. Tuliamua kutoigusa kwa kisu. Tulisafisha tena meno mawili yale, tukampa mswaki mpya laini, tukapanga kumwona kila baada ya wiki tatu. Nundu haikukua, na haikutoka damu.

Majibu ya maabara yalifika baada ya wiki tano: hemanjioma ya kapilari ya vishada, ambalo ni jina jingine la kinyama kile kile tulichokidhania, isiyo na dalili yoyote ya saratani. Niliyasoma mbele ya mama mkwe kama nilivyoahidi. Alitaka niyarudie mara ya pili, nikayarudia.

Wingi wa damu ulipanda hadi 10.8 katika wiki ya 37. Alijifungua kwa njia ya kawaida katika wiki ya 39. Alipokuja na mtoto mgongoni baada ya wiki sita, nundu haikuwapo. Palibaki kovu jeupe dogo. Baada ya miezi sita ufizi ulikuwa mzima.

Kabla ya kujifungua alikuwa ameniuliza kama mtoto atazaliwa na baka jekundu kwa sababu ya kinyama chake. Nilimweleza kuwa hivyo ni vitu viwili tofauti. Hemanjioma ya watoto wachanga huanza yenyewe katika wiki za kwanza za maisha, hukua kwa kasi katika miezi ya mwanzo, kisha hunywea polepole kwa miaka. Nyingi hazihitaji tiba, na zile zinazoziba jicho au njia ya hewa, au zinazopata vidonda, siku hizi hutibiwa kwa propranolo, dawa ya moyo ambayo madaktari wa Bordeaux nchini Ufaransa waliripoti mwaka 2008 kwamba iliziyeyusha walipokuwa wakiwatibu watoto kwa sababu nyingine. Kinyama cha mama hakirithiwi.

Uchambuzi

Nianze na jina, kwa sababu naamini jina lilichangia kumchelewesha. Mwaka 1897 Poncet na Dor wa Ufaransa walikieleza kinyama hiki kwa binadamu wakidhani kinafanana na ugonjwa wa farasi uliodhaniwa kuwa wa kuvu. Mwaka 1904 Hartzell wa Marekani akakipa jina la granuloma ya piojeniki, yaani uvimbe wa kuleta usaha. Hakina usaha, na kwa maana halisi ya kipatholojia si granuloma, yaani si kivimbe cha mkusanyiko wa seli za kinga. Jina sahihi zaidi, lile lililoandikwa kwenye majibu ya mama huyu, lilienea kuanzia mwaka 1980. Lakini jina la zamani bado ndilo linalofundishwa, na mhudumu aliyefundishwa kuwa kitu ni cha usaha ataandika antibiotiki. Yule wa zahanati hakuwa mzembe. Alifuata jina.

Ukataji wa kwanza ulishindwa kwa sababu mbili, nami sizipi uzito sawa. Kukata wakati wa mimba kuna hatari ya kinyama kurudi hata kazi ikifanywa vizuri, na machapisho hutaja marejeo ya hadi asilimia 16 kwa jumla. Hilo lingeweza kumpata yeyote, na kwetu pia nundu ndogo ilijitokeza. Sababu nzito ni kwamba kikonyo kilikatwa na jino likaachwa na ugaga wake. Ile chenga nyeusi ilikuwapo wiki ya 22 kama ilivyokuwapo wiki ya 27. Ukikata nyama ukauacha ugaga, umekata gugu na kuuacha mzizi ndani ya udongo wenye mbolea. Kutupa nyama bila kuipima nako kulikuwa na gharama: kama ile ya kwanza ingepimwa, familia isingekaa wiki nyingi na neno saratani ndani ya nyumba, na sisi tungeingia kwenye mjadala wetu tukiwa na jibu mkononi.

Jambo la tatu ni mswaki. Mama aliacha kupiga mswaki kwa sababu ya damu, na kwa kuacha akaulisha ugaga uliokilisha kinyama. Hakuna aliyemwambia vinginevyo katika vituo viwili vya kwanza. Haya ni maelezo ya dakika tatu, hayahitaji kifaa wala fedha, na kwa tathmini yangu, baada ya kuondolewa kwa chenga ile ya ugaga, hakuna kingine katika tiba yake yote kilichozuia nundu ya wiki ya 31 isikue kuliko mswaki ule laini.

Sasa makosa yetu. La kwanza ni mkwanguo wa siku ya tano. Niliogopa kuchokoza damu, nikapita mbali na kikonyo, na kwa hiyo zile siku 10 tulizoziita za kujaribu hazikuwa jaribio kamili, kwa maana mchokozo mkuu ulikuwa bado upo. Ningechoma ganzi kidogo, nikakisogeza kinyama pembeni kwa kifaa na kusafisha chini yake, huenda tungefika siku ya kujifungua bila kisu. Ninasema huenda, kwa sababu ile ncha iliyokuwa ikiumwa na meno ya chini ingebaki kuwa tatizo.

La pili ni kumruhusu arudi kijijini katika siku zile. Tuliamua kwamba akitokwa damu tena tutakata, huku tukijua kuwa akitokwa damu tena atakuwa saa mbili kutoka kwetu, usiku, juu ya pikipiki, na mimba ya miezi sita. Ndani ya uzio wa hospitali kuna nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua, na kulikuwa na vitanda vitupu. Hakuna kati yetu watatu aliyeifikiria, kwa kuwa akilini mwetu nyumba ile ni ya wenye mimba za miezi tisa. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika kisa chote.

Uamuzi wa kutoikata nundu ya wiki ya 31 ulikuwa mgumu, maana mama mwenyewe aliiomba ikatwe. Tulijiuliza maswali mawili tu: je, inatoka damu, na je, inamzuia kula? Majibu yalikuwa hapana kwa yote mawili, na majibu ya maabara yalikuwa njiani. Kisu kingeongeza kidonda kingine katika ufizi ambao ulikuwa umebakiza wiki nane tu kabla homoni hazijaondoka zenyewe. Iliyotusaidia kumtuliza si hoja za homoni. Ni picha tuliyompiga kwa simu yake mwenyewe kila alipokuja, akawa anaona kwamba nundu haiongezeki.

Niseme neno kuhusu ngozi, kwa sababu kinyama hiki hiki huota pia kwenye vidole, midomoni na usoni, hasa kwa watoto, mara nyingi baada ya mchomo au mkwaruzo. Mwaka ule ule tuliletewa mwanafunzi aliyechomwa na mwiba kidoleni, kinyama chake kikiwa kimefungwa uzi ili kikatike. Kilikuwa kimekatika nusu, kimeoza, na kinavuja. Hapo hakuna ugaga wa kukwangua. Hukatwa, shina lake likachomwa kwa umeme ili mishipa iliyobaki isichipue tena, na nyama ikapelekwa kupimwa, kwa kuwa aina fulani za saratani ya ngozi huweza kujificha katika sura hiyo hiyo nyekundu.

Majibu ya wiki tano ni marefu mno kwa familia inayosubiri kuambiwa kama mtu wao ana saratani. Sehemu ya ucheleweshaji ilikuwa yetu: chupa ilikaa siku nane ofisini ikisubiri gari la kwenda hospitali ya rufaa. Sasa sampuli zetu husafiri pamoja na zile za wodi ya upasuaji, ambazo huondoka kila wiki. Kliniki iliyomkata mara ya kwanza tuliiandikia barua ya kueleza matokeo, bila lawama, tukiambatanisha nakala ya majibu yaliyofichwa jina.

Na muuguzi mkunga yule ameongeza swali moja kwenye mahojiano ya hudhurio la kwanza, analiuliza baada ya kupima shinikizo: "Mama, ukipiga mswaki damu inatoka?" Wanaojibu ndiyo huvuka ua na kuja kwetu siku hiyo hiyo, kabla hawajapanda bodaboda ya kurudi, kwa sababu kutoka mlango wa kliniki hadi mlango wa chumba cha meno ni hatua 30.